Herufi Zenye Miiba

Jino, mkuu wa genge la mtaani kwetu, alianza na shangazi dukani kwake. Alimpiga usoni kwa sinia la mikate mpaka damu ikachuruzika kwenye unga, huku vijana wake wakivunja vioo vya duka. Kisha akanyoosha kidole kwenye kibao kipya juu ya mlango na kuuliza nani kakichora.

Kaka yangu huchora herufi za kigothi, zile nyeusi, nene, zenye pembe na ncha kama miiba, ambazo watu huzitaka kwenye vyeti, kwenye chupa za pombe kali na kwenye misalaba ya makaburini. Jaketi za genge la Jino zililetwa kwetu na fundi cherehani, kaka akaziandika migongoni, na mtaa mzima ukawaogopa. Halafu shangazi naye akazipenda. Kaka akamwandikia "Mkate wa Moto" kwa herufi zilezile, na tangu hapo genge likipita, watoto huuliza, "Wa siagi upo?" Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Karakana yetu iko mlango wa pili. Walipoingia, kaka alifungua mdomo, nikamuwahi.

"Kibao nimechora mimi."

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya rangi tu. Lakini mkono wa kaka ndio ulionilea tangu wazazi walipotutoka, na hana kazi nyingine anayoijua.

Jino akaweka nyundo mezani, na karatasi mbili kando yake. "Haina haraka hii. Kila mtu aandike herufi moja, fundi tutamjua."

Nikaanza mimi. Brashi bapa, unailaza upande mmoja, huizungushi. Ikatoka, si haba. Nikamtazama kaka kwa macho ya kumsihi: haribu tu, kuharibu nako kunahitaji ufundi?

Alianza vizuri, yaani vibaya. Mstari wa kwanza ukayumba kama mlevi. Kisha mkono ukajirekebisha wenyewe. Mstari wa pili ukashuka wima, wa tatu ukaungana nao, na chini ya mguu wa herufi akaweka kile kinundu cha pembe nne ambacho mimi kimenishinda miaka yote. Hata ule wa kwanza akaurudia, akaunyoosha. Nilitamani kumpiga kofi.

"Shikamoo, fundi," Jino akasema kwa upole.

Watatu wakaubana mkono wake mezani. Nyundo ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, nami nikasikia mifupa. Nilimng'ata mmoja sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni mwangu, na teke likaniangusha kwenye ndoo za rangi.

Hospitali walimkata vidole vitatu. Siku hizi nachora mimi, yeye hukaa kando yangu na kunielekeza. "Laza brashi, mdogo wangu. Laza."

Aliniomba niitundike ile karatasi ukutani. "Sijawahi kuandika nzuri kuliko hiyo," husema.

Nimeitundika kwa sababu ni kaka yangu. Damu imekaukia pembeni, herufi yenyewe haina kasoro hata moja, na naichukia kuliko ninavyomchukia Jino.