Mkono wa Sudi

Siku ya kikao cha makarani, Sudi alipanda basi la Makambako kwenda Njombe akiwa na masweta mawili mwilini na disketi mfukoni. Alikuwa karani wa malori ya viazi. Disketi ilibeba programu ya kuandikia mizigo, na programu hiyo haikuwa na mwenyewe: karani yeyote aliyeona kasoro aliirekebisha, kisha akawatumia wenzake kwa basi, hadi Iwawa. Flora, karani wa misheni, ndiye aliyeiwezesha kutambua lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linaota nundu, ili mkulima alipwe hata kwa nundu yake. Mama yake Flora alikuwa mkulima wa viazi.

Ukumbini, bwana wa kampuni kutoka Dar es Salaam aliwapa chai, akawaeleza kwamba soko ni huria sasa, hivyo programu zote zifuate kiwango kimoja. Kiwango chenyewe kampuni ilikwisha kukiandika. Humo gunia lilikuwa gunia tu. Atakayekiunga mkono angepewa kompyuta mpya.

"Kaka Sudi, usinyooshe mkono," Flora alinong'ona.

"Yangu imekufa, dada. Na hawa wameshaamua, sisi tunakamilisha utaratibu tu."

Akanyoosha. Karibu wote walinyoosha. Bwana wa kampuni, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu tu, alihesabu na kushukuru. Mikono haikushuka tena.

Wakaenda kula nayo ikiwa juu. Sudi alikula pilau kwa mkono wa kushoto mbele za watu, na aibu ile ilimuuma kuliko bega. Makambako walizoea upesi. Fundi cherehani alianza kushona mashati yenye mkono mmoja unaotazama dari, na makondakta waliwakalisha watu hao dirishani.

Flora aliomba kikao kingine ili nundu irudishwe. Kikaitishwa, chai ikanywewa.

"Wanaotaka kiwango kibaki kilivyo?" aliuliza bwana wa kampuni.

Sudi alisimama. "Mimi nimebadili mawazo. Sikubali."

"Bwana Sudi, hapa tunahesabu mikono," alijibiwa kwa upole, na mkono wake ukahesabiwa.

Flora alilia waziwazi. Ilikuwa dhuluma, na hakuna mle ndani ambaye hakulijua hilo. Halafu wakagawiwa soda.

Viazi vilipokomaa, mama yake Flora alifika Makambako juu ya lori, ameketi kati ya magunia yenye nundu. Dirishani mwa ofisi, Sudi aliandika kwa kushoto: lumbesa. Kompyuta mpya ikaandika: gunia. Akafuta, akaandika upya, ikaandika gunia.

Mama hakuwahi kumwona Sudi. Aliona tu kijana wa watu dirishani, amemnyooshea mkono.

"Kamwene, mwanangu!" alimsalimia kwa Kibena, akampungia kwa furaha mpaka lori likasimama.