Nyuzi za Mashine ya Jirani

Mama Fundi kwa kumsifu bintiye hakuwa na breki. Kila mteja aliyeingia kwenye chumba chake cha kudarizi alionyeshwa kompyuta ya pembeni, ile iliyoendesha mashine zote sita za mafundi wake, akaambiwa: "Mfumo huu hatukuununua dukani. Mwanangu kauandika mwenyewe."

Kisha mafaili ya nakshi yakaanza kuharibika. Si kila siku, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Beji ya shule ilitoka safi asubuhi, mchana ikatoka na mstari wa nyuzi uliokata jina katikati kama kovu. Mwenye duka la sare, mteja wao mkubwa, alisema ikitokea tena atapeleka kazi kwingine, isipokuwa wautupe huo mfumo wa nyumbani.

Binti aliumiza kichwa. Alibadili diski, akabadili nyaya, akajaribu faili moja mara chungu nzima. Beji zikatoka nzuri, utadhani zinamkejeli.

"Mama, nipe zile zilizoharibika nizitazame."

"Zipi? Hakuna."

"Hakuna vipi, na mteja analalamika?"

Mama aliinamia sindano yake. Mwishowe ikabidi aseme: kila iliyoharibika aliifumua akaishona upya kwa mkono, na faili lake akalifuta, watu wasije wakasema mwanawe kaboronga. Zilizomfikia mteja zilimponyoka tu.

Binti hakujua acheke au alie. "Mama yangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa niachie mbovu zote, usiguse hata uzi."

Zilipopatikana chache, alizitandaza mezani. Beji ya simba ilikuwa na jani puani, na jani lile alilijua: lilikuwa la kitambaa cha meza, kilichokuwa kikishonwa kwenye mashine ya jirani, mlemle chumbani. Nyingine nazo vivyo hivyo. Mafundi wawili wakihifadhi kazi zao kwa wakati mmoja, mfumo uliyapa mafaili yao nafasi ileile kwenye kumbukumbu, kama mwenye nyumba anayepangisha chumba kimoja kwa watu wawili. Ndiyo maana alipojaribu peke yake hakuona kitu.

Akakiandika upya kile kipande cha mfumo: mmoja akishika nafasi, mwingine asubiri. Kisha akawaweka mafundi sita kwenye mashine zao, wakabonyeza kitufe cha kuhifadhi kwa pamoja, wakarudia hadi vidole vikachoka. Hakuna uzi uliokosea njia. Siku aliyoumaliza mfumo wenyewe hakujivuna hivi.

Mwenye duka alikuja, akageuza beji mbele na nyuma. "Kumbe mashine ndizo zilikuwa na kasoro?"

Binti hajafungua kinywa, mama akamtangulia, kwa sauti yake ileile ya kutamba. "Mashine hazina neno. Kosa lilikuwa la mwanangu. Kalitafuta mpaka kalishika, na kalirekebisha mwenyewe."

Maisha yake yote binti alikuwa amesifiwa na mama yake. Hii ilikuwa sifa ya kwanza aliyoiamini.