Mkubwa Atangulie

"Mkubwa wetu atangulie," Muthomi alisema, akasimama na kunipisha kwa mkono kama anayemkaribisha bi harusi kanisani.

Benchi zima la mawakili likakunja magoti nipite. Nami, mjinga mimi, nikapita nikifurahi. Ndiyo desturi yetu: kesi zikiitwa, aliyeapishwa uwakili zamani husikizwa kwanza, wadogo wakasubiri. Nilikuwa nimekaa nje ya kazi miaka kumi na moja. Nilidhani desturi imenisahau, kumbe inanikumbuka! Joho langu lilinuka nafthalini ya sandukuni, na upindo wake ulikuwa na mshono mweupe, maana kila Krismasi wanangu walimvika nalo Yusufu wa mchezo wa kanisani, na mwaka mmoja Yusufu akajikwaa. Hata hivyo nilitembea nimeinua kidevu.

Niliacha ofisi yangu ya Nyeri ili nilee watoto watatu na mume mmoja. Watoto wakakua. Mume hakukua, akaenda zake. Nikarudi kutafuta kazi nikiwa na mvi, na wale waliokuwa wakinibebea faili sasa walikuwa na majina yao kwenye vibao vya shaba. Mmoja wao ni huyu Muthomi. Alijifunzia kazi kwangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kusimama, pa kunyamaza, na jinsi ya kumwinamia hakimu bila kuonekana kama unaomba mkate. Nilipomwendea kuomba hata kona ya meza, alicheka kwa upole. "Mwalimu, sheria imekimbia sana. Wewe pumzika tu."

Sikupumzika. Aliyenikubali ni Watiri, mjane kutoka kijiji cha Kangari, na alinikubali kwa sababu mawakili wengine walikuwa wameshamchoka. Shemeji yake, Ngatia, alitaka kumtoa kwenye nyumba na shamba la chai aliloachiwa na mumewe. Kilichomweka pale ni zuio la korti tu, na zuio lingeishi maadamu kesi inaishi. Kesi yenyewe ilikuwa imeahirishwa mara nyingi mpaka hakimu akaapa kwamba hataiahirisha tena. Korti hiyo sitaitaja. Na wakili wa Ngatia alikuwa nani? Nani mwingine!

Asubuhi hiyo Watiri alinipigia simu akiwa barabarani. "Wakili, lori ya majani chai imekwama katikati ya barabara, imelala upande. Hakuna gari inapita. Lakini nakuja, hata kama ni na miguu." Kisha simu yake ikazimika.

Nilimkuta Muthomi kwenye korido, nikamweleza. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi zamani: ukikwama, unamwambia mwenzako wa upande wa pili, mnaelewana, na faili yenu inashushwa chini ya nyingine mpaka mtu wako afike. Sharti hilo halikuandikwa popote. Yeye nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akanishika bega. "Usijali, mwalimu. Hayo ni mambo ya mvua."

Halafu akaingia ndani na kuninyanyua mbele ya watu wote.

"Uko tayari?" hakimu akaniuliza.

"Mheshimiwa, mteja wangu yuko njiani. Lori limeziba barabara ya Kangari. Naomba saa moja tu. Mwenzangu analijua jambo hili."

Nikamgeukia Muthomi. Alisimama polepole, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, habari za lori ndiyo nazisikia sasa hivi. Mteja wangu pia ni wa Kangari, na yule pale, amefika kabla mlango haujafunguliwa."

Ngatia akainuka ili aonekane. Alikuwa amelala mjini tangu jana yake, na viatu vyake viling'aa.

"Lakini si nilikwambia kwenye korido!" Sauti yangu ilipanda kama ya mtu anayegombania zamu ya kuteka maji. Wakili mmoja kijana nyuma yangu akacheka puani.

"Korti haiko kwenye korido, wakili," hakimu alisema, akaitupa kesi nje. Zuio likaanguka nayo. Faili nyingine ikaitwa kabla sijamaliza kukusanya karatasi zangu.

Nje Muthomi alinipita akiwa anatafuta funguo za gari. "Si wewe ulinifundisha, mwalimu? Wakubwa hutangulia." Hakuwa hata na chuki nami. Hilo ndilo lililonikata maini.

Watiri nilimkuta kwenye bomba, nyuma ya jengo. Alikuwa ametembea mpaka kwenye lami, akapata pikipiki, akafika wakati mimi bado nimesimama mbele ya hakimu. Lakini gambuti zake za mpira zilikuwa tope tupu, na aliona haya kuingia nazo kortini. Sasa alikuwa akisugua miguu kwa kiganja, viatu vya kanisani vikimngoja ndani ya kiondo.

"Nilikusikia ukiongea huko ndani," alisema akitabasamu. "Nikasema, wacha nioshe miguu haraka, wasiseme umeleta mtu mchafu. Sasa niko tayari. Twende."

Nikamwambia. Hakulia. Aliinama akaendelea kuosha mguu uliobaki, akaufuta vizuri kati ya vidole, halafu akauingiza tena ndani ya gambuti.

Jioni hiyo mabati ya nyumba yake yalishushwa. Ngatia alileta watu na mapanga, na michai ambayo Watiri aliichuma tangu alipoolewa ikang'olewa na kurundikwa njiani. Mimi nilikimbia huku na huku, nikaomba kesi irudishwe, nikabishana vizuri kuliko nilivyowahi kubishana ujanani, na kweli ikarudishwa. Nyumba haikurudi.

Kesi ilipopangiwa siku mpya, nilimlaza Watiri kwangu Nyeri. Tulifika kortini askari akiwa bado anafagia mlangoni. Watiri aliketi benchi la mbele, miguu safi, viatu vya kanisani, mikono juu ya kiondo. Kesi zikaanza kuitwa. Muthomi akainuka na tabasamu lake lile lile, akanyoosha mkono.

"Mkubwa wetu atangulie."

Nilikuwa nimeshainuka. Watiri akanivuta joho, pale pale kwenye mshono mweupe.

"Mwambie atangulie yeye," alisema, wala hakunong'ona. "Mimi sina haraka tena."