Gramu Mia Mbili za Obdulia

Nisiseme uongo: watu wanaokonda kwa mpango nawadharau. Anayekonda kwa njaa namhurumia, anayekonda kwa mapenzi namcheka kidogo. Lakini mtu mzima anayekula kwenye kisahani cha kikombe, akiweka uma chini kila baada ya tonge, kisha anatoa daftari na kuandika "chapati ya mahindi, moja", huyo hunichefua kabisa. Na aliyekuwa akinifanyia maigizo hayo alikuwa dada yangu mwenyewe, Obdulia. Tena alikuwa akiyafanya kwa ajili yangu.

Figo zangu zimekufa. Mara tatu kwa wiki naunganishwa na mashine hospitalini, kila mara kwa saa nne nzima, nikitoka hapo nimenyauka. Obdulia alipopimwa, figo yake ikaonekana inanifaa. Daktari akamwambia waziwazi, "Mama, figo yako nzuri, ila kwa uzito huu sikupasui. Una kilo themanini na tisa. Tarehe tatu Februari uje na sabini na saba. Ukizidi, nafasi hii anapewa mgonjwa mwingine."

Basi akajiunga na kikundi cha mwalimu Griselda, wanawake kumi na wawili wanaokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi nyuma ya parokia, hapa hapa mjini Saltillo. Huyo Griselda alipunguza kilo thelathini, na mwaka wa saba huu hazijarudi, kwa hiyo anatembea kama aliyeshauriwa dunia ilipoumbwa. Nilidhani atawapa dawa. Wapi. Usile ukiwa umesimama. Usile mbele ya televisheni. Andika kabla hujaweka kitu mdomoni. Kinachokushinda kisikae nyumbani kwako.

"Yaani mnakusanyika watu wazima kufundishwa kukaa kitako?" nikamwuliza.

"Kula hakunishindi, Fermín," akasema. "Kinachonishinda ni kula bila kujua kama nakula."

"Uliza tumbo lako, linakuweka wazi mbele ya watu."

Akacheka. Dada yangu ni mpole, na upole wake ndio ulionipa kichwa tangu utotoni.

Kilo zikashuka hata hivyo. Themanini na nne, themanini na moja, kila Alhamisi alipita kwangu kunieleza. Nilifurahi, lakini woga ulizidi furaha, na mimi nikiogopa mdomo wangu huwa mchafu. Nikambatiza Bibi Daftari, na ukoo mzima ukalipokea jina.

Tarehe sita Januari tulikusanyika kwa shangazi Nazaria kukata rosca, ule mkate mtamu wa sikukuu ya Wafalme Mamajusi. Kila mtu hujikatia kipande, na atakayekuta ndani yake kitoto cha plastiki ndiye atakayewalisha wote tamali, yaani unga wa mahindi uliojazwa nyama na kupikwa kwa mvuke, sikukuu ya Candelaria, tarehe mbili Februari. Kwetu unaweza kumkana mke na bado ukasalimiwa barabarani. Kitoto hukikani. Mimi, kwa ugonjwa wangu, nilijikatia kipande chembamba cha kuona haya, na kisu kikagonga kitu kigumu. Nikaona watu thelathini wakinisubiri niwapikie, mimi ambaye hata sufuria tupu linanilemea. Kando yangu Obdulia alikuwa anaweka uma chini, kwa adabu zile alizofundishwa, macho yake pembeni. Nikakichomeka kitoto kwenye kipande chake.

Ni utani, wengi huufanya. Kuna binamu yetu aliwahi kukimeza ili asipike. Tarehe tatu Februari haikunijia kichwani hata kidogo, na huo ndio ujinga ambao siwezi kumsingizia mtu.

"Kitoto ni cha Obdulia," shangazi akatangaza. "Mwaka huu Bibi Daftari ndiye mpishi."

Griselda alimshauri aseme ana udhuru, amwachie mwingine. Obdulia akaja kuniuliza mimi, kana kwamba mimi ni mtu wa kuulizwa.

"Ukikataa shangazi atakusema mpaka uzeeni," nikamwambia. "Wewe pika. Nani kakwambia kupika ni kula?"

Tarehe thelathini Januari mizani ya kikundi ilisoma sabini na saba na gramu mia mbili. Gramu mia mbili, jamani. Mtu mwenye figo zake akienda chooni mara moja, zimeondoka.

Kisha zikaja siku mbili za kupika. Nilikwenda kwake nikakaa kwenye kigoda jikoni, nikisema nimekuja kumsaidia. Unga wa mahindi ukishakandwa na mafuta ya nguruwe, unadondosha kidonge kwenye glasi ya maji: kikielea, mafuta yamekolea. Lakini chumvi haijulikani kwa glasi, inajulikana kwa ulimi. Obdulia alionja, akatema kwenye sinki.

"Unatema chakula?" nikasema. "Mama angekuona angetandika kitanda alale kwa aibu. Onja kama binadamu."

Akaonja kama binadamu, akiwa amesimama. Ikafuata nyama ya pilipili nyekundu, nayo lazima ijulikane. Zikafuata zile tamu za zabibu kavu. Sufuria la kwanza lilipoiva, mpishi lazima ale moja ya moto ahakikishe imeshika, na kila sufuria lilipofunuliwa nilimwambia, "Na hizi je?" Daftari lilikaa juu ya friji siku zote mbili.

Mimi sikuruhusiwa hata moja. Chumvi ile ingenijaza maji mpaka kwenye mapafu. Nilitaka tu kumwona mtu anakula, ashibe mbele yangu bila kuhesabu. Sina maelezo mengine, na haya yenyewe yananitia kichefuchefu.

Februari tatu mizani ya hospitali ilisoma sabini na nane na gramu mia tisa. Daktari hakufoka. Alikata jina langu kwa kalamu, akaandika la mtu mwingine, akasema turudi Mei, kama nitakuwa na hali ya kupasuliwa.

Tulipofika nje kwenye korido nikafungua huu mdomo. "Siku mbili tu, dada. Ulishindwa kujizuia siku mbili?"

Akasimama. "Kitoto kilikuwa chako."

"Nani kakudanganya?"

"Nilikuona ukikichomeka. Nikasema moyoni, anaumwa, mwache acheke."

Akanisindikiza hadi kituo cha basi, akahakikisha nimepata kiti, akaenda zake kwa miguu.

Alhamisi iliyofuata Obdulia hakuja. Aliyekuja alikuwa Griselda, kimama kifupi cha viatu vya mpira, akasimama mlangoni na kukataa kuingia.

"Kila mmoja wetu huulizwa nini kinachomshinda nyumbani," akasema. "Wengine hutaja mkate, wengine soda. Dada yako alikutaja wewe."

"Mimi ni ndugu yake."

"Mkate nao unanukia vizuri. Mpaka Mei hatakuja hapa, wala usimpigie simu. Kwenye mashine atakupeleka mume wangu, hapendi mazungumzo."

"Na nikifa kabla ya Mei?"

Akanitazama juu mpaka chini, jinsi mimi ninavyowatazama watu. "Utakuwa umenyamaza angalau," akasema, akaondoka.

Wiki tatu sasa. Saa moja asubuhi Obdulia hupita mtaani kwangu akitembea kwa haraka, suruali imeanza kumpwaya nyuma. Dirishani kwangu hageuki. Siku ya kwanza nilipomwona nilikuwa nimeshaandaa neno kuhusu hiyo suruali, neno zuri, la kumvunja mbavu barabarani. Nikainua mkono nigonge kioo. Nikajua kwamba nikigonga atasimama, ataingia, atabandika kahawa, atatafuta biskuti za kunywea, na nitamchekesha mpaka azimalize.

Nikaushusha mkono. Tangu siku hiyo nasimama nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo kwa kiganja, mpaka apite.