Chombo cha Wageni

Usiku wa kuamkia leo niliota laptopu yangu imenuna. Imekaa juu ya meza ya sebuleni, na kwenye kona ya kioo vile vistari vitatu vya waifai vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka. Nje ni mchana kweupe.

Naiuliza, "Tumeunganishwa?"

"Tumeunganishwa," inajibu. "Ila intaneti hakuna."

"Sasa tumeunganishwa na nini?"

"Basi tu. Tumeunganishwa."

Hata ndotoni nilijua nina shughuli gani. Mama yangu yuko hospitali ng'ambo, pamoja na mdogo wangu Shomari, na leo saa nne wanamfungua kichwa kutoa uvimbe. Madaktari wametupa dakika kumi, saa tatu kamili, tuonane kwa video kabla hajachomwa sindano ya usingizi. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji juzi, kwa hiyo tegemeo langu ni laptopu hii, ambayo hukata mtandao kila ninapoihitaji. Niliogopa.

Fundi Kibwana anatokea nyuma ya pazia, anatafuna muhogo wa kuchoma. Jana mchana alikuja kweli nyumbani, akanipa maelekezo yale yale wanayotoa mafundi wote. Sasa anayarudia kwa upole.

"Zima, hesabu mpaka sitini, halafu washa."

Nazima. Jua nalo linazimika. Barabarani watu wanasimama walivyo, mmoja mguu juu. Nahesabu hadi hamsini na tisa, kufika hapo sitini haipo. Tunaitafuta wote wawili, naona aibu kwa vumbi lililo chini ya kochi. Fundi Kibwana anaikuta nyuma ya mto, ananipa, nawasha. Jua linarudi. Vistari viko vile vile.

"Basi isogeze karibu na ruta," anasema.

Naibeba laptopu kifuani, natembea. Nikipiga hatua moja, kabati la vioo la mama, ilimo ruta, linarudi nyuma hatua moja. Sebule yetu inarefuka, inakuwa korido ya hospitali yenye mabenchi na harufu ya dawa ya sakafu. Nakimbia. Laptopu inalalamika kwamba naitikisa. Saa ya ukutani inasema tatu kasoro ishirini. Nikiitazama tena ni kasoro kumi na mbili.

Hapa lazima nieleze habari za kabati. Siku ruta ilipoletwa, mama aliipenda kupita kiasi. Akaifunika kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, akaifungia humo ndani, katikati ya birika la chai na vikombe vya maua, vile ambavyo sisi watu wa nyumba hatujawahi kuvinywea. Jana fundi Kibwana aliniambia niitoe, niiweke mahali pa wazi. Nikamjibu kuwa mama akirudi ataikuta pale pale alipoiacha. Sikutaka kugusa kitu chake wakati huu.

Mwishowe nalifikia kabati. Nalifungua. Ruta imekaa kwa adabu chini ya kitambaa chake.

"Naomba mtandao," nasema.

"Nani mwenzangu?"

"Mwasiti."

"Mwasiti wa humu humu ndani?"

"Wa humu humu."

"Samahani sana, dada. Sisi ni vyombo vya wageni."

Vikombe vinaitikia, "Kweli kabisa."

"Lakini anayenisubiri ni mama mwenyewe!"

"Mama ndiye aliyetufundisha. Mtu wa nyumbani ana kikombe chake cha plastiki kule jikoni."

Ni kweli, na ninakijua kikombe chenyewe.

"Na nikiwa mgeni?"

"Hapo ni sawa. Mgeni tunampa mpaka aseme ametosheka."

Natoka nje kwa mlango wa mbele, navua ndala, napiga hodi nyumbani kwangu. Fundi Kibwana ananifungulia, amefuta mdomo. "Karibu, karibu ndani. Habari za utokako?" Nasema nzuri. Ananikalisha kwenye kochi ambalo bado lina nailoni yake ya dukani, na ruta inaletwa juu ya sinia.

"Kuna tatizo dogo," inasema ruta. "Bado nakukumbuka kama mtu wa hapa. Itabidi usahau mtandao huu, ndipo nikuunganishe upya."

Kwenye kioo cha laptopu linatokea neno moja: SAHAU?

"Nasahau," nasema upesi. Ni kasoro dakika nne.

"Subiri. Neno la siri la mtandao huu aliliweka mama yako. Likitoka, linatoka na kipande chake. Chagua mwenyewe: sauti, mikono au uso."

Nalia. Nalia kwa sauti, na nailoni ya kochi inalia pamoja nami. Fundi Kibwana anatazama sakafu. "Dada Mwasiti," anasema, "muda."

Nafikiri haraka. Sauti sitoi, hiyo ndiyo nitakayomjulia. Mikono sitoi, ndiyo iliyonisuka mpaka siku niliyoolewa. Uso... si nitauona baada ya dakika nne tu? Utarudi wenyewe.

"Uso," nasema.

Laptopu inaniuliza kama nina uhakika, kwa sababu kilichosahauliwa hakirudishwi. Nabonyeza. Vistari vitatu vinajaa.

Niliamka shingo imekakamaa, kichwa juu ya meza, laptopu mbele yangu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika moja. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtafuta mama akilini. Sauti ipo. Mikono ipo, hata pete inayombana kidole. Nikapanda juu ya mabega. Khanga ya kichwani naiona, maandishi yake nayasoma, lakini chini ya khanga hapakuwa na mtu.

Laptopu ikaita. Nikapokea.

"Dada, huyu hapa, fanya haraka," alisema Shomari, akageuza simu.

Akatokea mwanamke mzee amenyolewa nywele, amevaa gauni la hospitali. Sikumjua.

"Mwasiti," akasema, na sauti ilikuwa ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanikodolea macho hivyo?"

"Mama, una chunjua pembeni mwa pua."

Akaligusa kwa kidole.

"Nimezaliwa nalo," akasema. "Ulikuwa unalishika kila ukinyonya. Nikikutoa mkono, hulali."

"Nimesahau, mama."

"Basi litazame," akasema, akausogeza uso kwenye simu. Nikalitazama dakika zote kumi, na mtandao haukukatika hata mara moja.