Kitabu cha Teodora

Kitabu kilikuwa kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, kama samaki wa kupelekwa ugenini, lakini mzee Luhende alikitambua kwa uzito kabla hajakifungua. Akaketi juu ya rundo la vitabu vya hesabu vya darasa la sita, jambo ambalo amewakataza wateja kwa miaka thelathini.

Wauza vitabu vikuukuu wa Mkuyuni wana desturi yao. Kinyozi hajinyoi, na muuza vitabu hapewi kitabu na mtu. Kila mmoja hudhani anavyo vya kutosha. Basi hupeana wenyewe. Novemba ikiingia, kila mmoja huandika kwenye kikaratasi kitabu anachokitamani, akakibandika kwenye nguzo ya kibanda chake, na wenzake humtafutia. Wakristo hupewa Krismasi, Waislamu hungoja Idi. Mwaka jana Luhende aliomba kamusi. Mwaka huu aliandika: "Kile cha ngano za visiwani, jalada la kijani. Nakala yenye jina la Teodora."

Watu walisoma, wakaenda kukitafuta. Teodora, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi huko Butimba, alizikwa mwezi wa tano. Wasichokijua ni kwamba miezi yake ya mwisho alikisoma kitabu hicho kitandani, penseli mkononi, akiandika pembezoni mwa kurasa.

"Nakuandikia wewe," alimwambia. "Siku moja utakisoma, wewe uliyeuza vitabu maisha yako yote bila kumaliza hata kimoja."

Luhende alicheka, akasema atakisoma akipata nafasi. Nafasi ipi, mtu mzima yule, hata leo hajui. Baada ya matanga, vitabu vya nyumbani vilihamishiwa kibandani kwa viroba, na siku moja ya mvua, mawazo yakiwa mbali, akakiuza kwa mikono yake mwenyewe. Alizinduka wiki mbili baadaye. Aibu ikamziba mdomo. Angemwambia nani kwamba hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja?

"Nimekipata Igogo, kwa mwanafunzi mmoja wa ualimu," alisema Fadhila, jirani yake wa kibanda, ambaye wote humwita Mama Nurdin. "Alikuwa hataki kukiachia, baba. Ikabidi nimpe viwili kwa hicho kimoja."

"Mungu akubariki, mama."

Akafungua. Jina lilikuwapo, kwa wino wa bluu, herufi zimelalia kushoto kama alivyoandika siku zote. Akafunua ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akafunua kumi kwa pamoja. Kingo zilikuwa zimepigwa msasa, jalada limevishwa nailoni mpya. Hapakuwa na alama ya penseli popote.

"Kilikuwa kimechafuka huko ndani, we acha tu," alisema Mama Nurdin, uso ukimng'aa. "Nimemaliza vifutio vitatu. Sikutaka upewe Krismasi kitabu kilichochorwachorwa."

Ndivyo wafanyavyo wote. Kitabu kikuukuu kikiingia, hufutwa penseli kwanza, ndipo kipangiwe bei. Luhende ndiye aliyemfundisha mama huyu alipoanza kazi: futa polepole, usichane karatasi. Hasira ilimpanda hadi kooni. Alitaka kumuuliza nani aliyemtuma. Kisha akaviona vidole vya Mama Nurdin, ncha zimekuwa nyekundu kwa kusugua, na hasira ikakosa pa kwenda.

"Uliyasoma, hayo uliyoyafuta?"

"Hapa na pale. Nilidhani ni ya mwalimu kwa wanafunzi wake." Mama Nurdin akawaza kidogo. "Kwenye ile ya fisi na mvuvi paliandikwa, 'Hapa utacheka.'"

"Na kwingine?"

"Sikumbuki, baba. Ila ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa juu mpaka chini. Huo ulinitoa jasho."

Luhende akaufunua ukurasa wa mwisho, akauinua kwenye mwanga. Mkono wa Teodora ulikuwa umeishiwa nguvu siku zile. Haukuacha hata mkwaruzo. Moyo ulimuuma kama siku ya mazishi, tena zaidi, maana siku ile alikuwa bado ana kitu cha kungoja.

"Baba, nimekosea?" Sauti ya Mama Nurdin ilikuwa imeshuka.

Angeweza kumwambia. Sentensi moja tu, na uchungu ule wangeubeba wawili.

"Hapana," akasema. "Umekisafisha vizuri sana. Nionyeshe tu hapo pa kucheka."

Mama Nurdin akapekua, akaweka kidole katikati ya ukurasa, akakisogeza chini kidogo. "Hapa. Au karibu na hapa." Mteja akamwita, naye akarudi kibandani kwake.

Luhende akavaa miwani. Fisi alikuwa akimwomba mvuvi amshikie mtumbwi, na mvuvi akijifanya haelewi. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kila sentensi akitua kidogo ili kicheko kisimpite. Akafika mwisho wa ukurasa. Akarudi juu, akaanza tena.