Kipande Kifupi

Fundi yule mwanamke aliijua mashine ya kuranda mbao kuliko kaka yake, mwenye karakana. Siku moja kaka mtu alishika kipande kisichozidi shubiri moja.

"Kaka, hicho ni kifupi mno. Mashine itakitema."

"Kazi nimekufundisha mimi, leo unanifundisha?" Akakisukuma ndani.

Mashine ikanguruma, kipande kikakwama. Dada akakimbilia swichi iliyokuwa nyuma ya kaka yake. Kabla hajaifikia, kipande kikachomoka kwa kasi, kikampita kaka na kumpiga dada jichoni.

Hospitalini, macho yakiwa yamefungwa bandeji, alimsikia kaka akimweleza mama yao: "Alisimama kwenye njia ya mbao. Nimemkanya mara ngapi?"

Mama alimpapasa mkono. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu."

Dada aligeuzia uso ukutani. Nyumba nzima ilimtegemea kaka.

Aliporudi kazini na jicho moja, alikuta bango ukutani, mwandiko wa kaka: "Vipande vifupi marufuku." Wateja walimsifu kaka kwa kuwajali mafundi wake. Dada aliwasikia, akawasha mashine.